Kutoka Ukwangala hadi Meza ya Maktaba: Misingi ya Kikundi cha Uandishi wa Kubuni katika Ukanda wa Kyela

Ikisiri

Makala haya yanachunguza misingi ya kijamii na ya kifasihi inayoweza kukibeba kikundi cha uandishi wa kubuni kinachokutana katika maktaba ya umma. Eneo linaloangaliwa ni Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Hoja kuu ni kwamba kikundi cha aina hiyo hakistawi kikiendeshwa kama darasa. Hustawi kikiwa baraza la watu walio sawa, wanaosomeana rasimu na kuhakikiana. Inaonyeshwa kuwa jamii ya Wanyakyusa ilikuwa na dhana yake ya maarifa yanayozaliwa katika mazungumzo ya marika, na kwamba dhana hiyo yaweza kutumika upya, mradi mipaka yake ya umri na jinsia ivukwe. Mifano ya Kenya, Malawi na Uganda inatumiwa kupima hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Uandishi wa kubuni huzungumzwa mara nyingi kama kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Wahakiki huchunguza kitabu kilichokwisha kuchapishwa, na wasifu wa mwandishi huelezwa kana kwamba kipaji chake kilitosha. Hatua iliyo kati ya wazo na kitabu haichunguzwi sana, yaani hatua ambamo rasimu husomwa na watu wengine, huulizwa maswali, hukataliwa, kisha huandikwa tena. Hatua hiyo ndiyo uwanja wa kikundi cha uandishi.

Katika makala haya, kikundi cha uandishi kina maana ya watu wachache, pengine kati ya watano na kumi na watano, wanaokutana kwa ratiba inayojulikana ili kusoma na kujadili maandishi yao wenyewe. Kikundi hicho hutofautiana na darasa kwa kuwa hakina mtihani wala cheti. Hutofautiana na chama cha waandishi kwa kuwa shughuli yake ni rasimu yenyewe, ilhali chama hushughulikia zaidi haki na maslahi ya mwandishi. Maktaba ya umma huingia katika suala hili kama mwenyeji, kwa kuwa ni miongoni mwa nyumba chache ambamo mwananchi yeyote huweza kuketi na daftari lake bila kununua kitu na bila kuulizwa dini au chama chake.

Swali linaloongoza mjadala ni hili: je, kikundi cha namna hiyo ni mti wa kigeni unaopandikizwa katika mwambao wa Nyasa, au mna udongo wa kuukuza? Jibu la swali hilo lina uzito wa kiutendaji, kwani miradi mingi ya usomaji imeanzishwa nchini kwa shauku kubwa na kunyauka mara mfadhili alipoondoka.

2.0 Kyela katika Rafu ya Vitabu

Wilaya ya Kyela, katika Mkoa wa Mbeya, ni tambarare iliyo kati ya Milima ya Livingstone upande wa mashariki na Mto Songwe upande wa magharibi, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huipitia ikielekea ziwani. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo eneo limejulikana nchini kwa mpunga na kakao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 220,000 wilayani humo. Walio wengi ni Wanyakyusa. Mashariki, katika vijiji vya mwambao kama Ikombe, wanaishi Wakisi, mafundi mashuhuri wa ufinyanzi. Ng'ambo ya Songwe, katika eneo la Karonga, wanaishi Wangonde, ambao lugha na desturi zao zina udugu wa karibu na za Wanyakyusa.

Jamii hii haijakosa kuandikwa. Wamisionari wa Kijerumani waliingia mwaka 1891, na kabla ya karne ya 19 kwisha sarufi ya lugha ya wenyeji ilikuwa imekwisha kuchapishwa kwa Kijerumani. Godfrey Wilson alianza utafiti wake mwaka 1934, akafuatiwa na mkewe, Monica Wilson, na kazi yao ya nyanjani iliendelea hadi mwaka 1938. Matunda ya utafiti huo ni vitabu vinne vya Monica Wilson: Good Company (1951), Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957), Communal Rituals of the Nyakyusa (1959) na For Men and Elders (1977). Mwaka 1978 Christon S. Mwakasaka alichapisha The Oral Literature of the Banyakyusa, kazi inayokusanya fasihi simulizi ya jamii hiyo. Mwaka 1996 ilitolewa kamusi ya Knut Felberg ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 2017 Bastian Persohn alichapisha uchambuzi mpana wa kitenzi cha Kinyakyusa.

Orodha hii ni ya heshima, lakini ina kasoro moja ya kimsingi. Isipokuwa kamusi, kazi zote hizo zimeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza. Vitabu vya Monica Wilson vimejaa maneno ya wenyeji: maelezo ya wazee, kesi, mafumbo na masimulizi ya maisha, yaliyosemwa kwa Kinyakyusa na kufasiriwa. Nyaraka za Godfrey na Monica Wilson zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa maneno mengine, mazungumzo ya Unyakyusa yalisafiri hadi kusini mwa bara, yakawa vitabu, na mjukuu wa msemaji akitaka kuyasoma hana budi kujifunza kwanza lugha ya mtafiti. Hata Mwakasaka, ambaye ni mzawa, alichapishiwa Nairobi kwa Kiingereza.

Haitakuwa haki kuwalaumu watafiti hao, kwani bila wao mengi yangalipotea. Hata hivyo, hali hiyo inaonyesha kilicho hatarini. Jamii inaweza kuwa na rafu nzima ya vitabu juu yake na bado isiwe na kitabu kilichotoka kwake. Kikundi cha uandishi katika maktaba ya mahali kina thamani pale kinapougeuza uhusiano huo, ili msimuliaji awe mwandishi.

3.0 Ukwangala na Maarifa ya Marika

Dhana iliyompa Monica Wilson jina la kitabu chake cha kwanza juu ya Wanyakyusa ni ukwangala. Neno hilo hutaja raha ya kuwa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza kwa ustaarabu. Katika jamii aliyoikuta, ukwangala ulikuwa na makao yake katika vijiji vya marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, na hatimaye wakakua, wakaoa na kuzeeka pamoja kama jirani. Jambo la kuzingatiwa zaidi kwa madhumuni ya makala haya ni maelezo aliyopewa juu ya chanzo cha hekima, amahala. Hekima, waliona wasemaji wake, hupatikana kwa kuzungumza na wenzako. Mtu anayekaa peke yake, au anayekaa na wakubwa tu, hukosa mahali pa kupimia mawazo yake.

Dhana hii inakaribiana sana na msingi wa kikundi cha uandishi. Mbele ya mkubwa, kijana husikiliza. Mbele ya mwenziwe huthubutu kusema jambo lisilokamilika, akapingwa, akalitengeneza. Rasimu nayo ni usemi usiokamilika. Inahitaji wasikilizaji ambao mwandishi haogopi kuaibika mbele yao, na ambao nao hawaogopi kumwambia ukweli.

Lakini ukwangala hauwezi kuhamishwa mzima mzima hadi kwenye meza ya maktaba. Kwanza, vijiji vya marika vilikwisha dhoofika. Uhaba wa ardhi, kilimo cha mazao ya biashara, kazi za migodini na shule zilibadili makazi, na For Men and Elders inaeleza mabadiliko hayo kwa kirefu. Pili, vilikuwa vijiji vya wanaume. Mwanamke aliingia humo kwa ndoa, na heshima alizopaswa kumpa baba mkwe zilimtenga na mazungumzo mengi. Tatu, usawa wa marika ulisimama juu ya utengano wa vizazi.

Meza ya maktaba, kinyume chake, hukutanisha mwanafunzi wa sekondari, mwalimu mstaafu, mkulima wa kakao na mama muuza samaki. Adabu ya Kinyakyusa, kama ilivyo adabu ya jamii nyingi za Tanzania, haimruhusu kijana kumwambia mzee kuwa sura yake ya tatu haieleweki. Ikiwa jambo hili halikushughulikiwa waziwazi, matokeo yatakuwa mawili: mzee atasifiwa daima, na kijana atafundishwa daima. Hapo kikundi kitakuwa kimekufa ingawa mikutano inaendelea.

Inapendekezwa, basi, kuwa kikundi kiunde rika jipya, ambalo hapa laweza kuitwa rika la rasimu. Katika rika hilo umri hauhesabiwi kwa miaka ya kuzaliwa. Wote waliokubali kuleta kazi isiyokamilika ni wa rika moja kwa muda wa kikao. Heshima za salamu na majina hubaki kama zilivyo, na mzee huendelea kuitwa mzee. Kinachobadilika ni kwamba maswali huelekezwa kwa maandishi, wala si kwa mtu. Mbinu moja rahisi ni kazi kusomwa kwa sauti na mtu asiyekuwa mtungaji wake. Mtungaji hukaa kimya na kusikia kazi yake katika kinywa cha mwingine, kama fanani anayesikiliza ngano yake ikisimuliwa na mwenziwe.

4.0 Wasomaji Bila Kalamu

Msingi wa pili ni kisomo. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ya kitaifa iliendeshwa kwa nguvu. Majaribio ya kitaifa yalionyesha kutojua kusoma kukishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983 na 9.6 mwaka 1986. Kampeni za redio zilikwenda sambamba na madarasa hayo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, takribani watu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu na kujadiliana. Ili wasomaji wapya wasirudi katika ujinga, zilianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini. Maarufu kati ya magazeti hayo ni Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974.

Mafanikio hayo hayana mfano katika Afrika ya wakati ule. Hata hivyo, yafaa kuuliza msomaji mpya alitazamiwa kufanya nini na kalamu. Jina la kampeni lenyewe, kisomo chenye manufaa, linatoa jibu. Vitabu vya kwanza vilihusu pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani. Mwananchi alitakiwa asome maelekezo, aweke hesabu, aandike barua. Vikundi vya redio vilijadili ujumbe uliotungwa Dar es Salaam, na mwanakikundi hakutazamiwa kutunga wake. Kwa muhtasari, kampeni iliunda wapokeaji wengi na watungaji wachache.

Huenda hiyo ni sababu mojawapo, ingawa si ya pekee, iliyofanya stadi hiyo idhoofike mara uchumi ulipoanguka na karatasi kuwa adimu katika miaka ya 1980. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta takribani asilimia 78 tu ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi wakijua kusoma na kuandika. Vipimo vya miaka hiyo miwili havikuwa vya aina moja, na ulinganisho hauna budi kufanywa kwa hadhari. Lakini mwelekeo wake unajulikana: stadi isiyotumika kwa jambo analolijali mwenye nayo huchakaa.

Upo mfano wa kinyume ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kiliwafikishia watu wa bara, waliokuwa mbali na malenga wa pwani, kanuni za vina na mizani. Kurasa za mashairi katika magazeti zikawa uwanja wa malumbano, na mwaka 1959 kikaanzishwa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Karani wa bara aliyetunga shairi alijua kwamba wiki chache baadaye atajibiwa, pengine kwa ukali, na mtu asiyemjua. Hapa kalamu ilidumu mkononi kwa sababu palikuwa na mwenza wa kujibizana naye. Tofauti ya mifano hii miwili ndiyo kiini cha hoja: kinachomfanya mtu aendelee kuandika ni kuwapo kwa msomaji anayemjibu.

5.0 Mifano ya Jirani

5.1 Kamĩrĩĩthũ

Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, kituo cha elimu na utamaduni cha wanakijiji kilianza kufufuliwa mwaka 1976. Madarasa ya kisomo yalizaa tamthiliya. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ, na wanakijiji wakaisahihisha wakati wa mazoezi ya hadharani: lugha ya wazee, nyimbo, hali halisi za kiwandani. Onyesho la kwanza lilifanyika Oktoba 1977. Leseni ilifutwa tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wa wazi wa kijiji ulibomolewa na vyombo vya serikali.

Funzo la kwanza ni kwamba mtu asiye na shule ndefu anaweza kuwa mhakiki hodari wa kazi iliyo katika lugha yake na juu ya maisha yake. Funzo la pili ni chungu zaidi: kikundi chenye nyumba moja tu na nakala chache huweza kufutwa kwa siku moja.

5.2 Zomba

Kusini mwa Ziwa Nyasa, baraza la waandishi la Chuo cha Chancellor lilianza mwaka 1970, na likahamia Zomba pamoja na chuo. Wahadhiri na wanafunzi walikutana kusomeana mashairi na hadithi na kuyahakiki. Miongoni mwa waliopitia humo ni Jack Mapanje, Felix Mnthali, Frank Chipasula, Steve Chimombo na Lupenga Mphande. Sheria ya udhibiti ya mwaka 1968 ilifanya usemi wa wazi kuwa hatari, hivyo uhakiki wa ndani ulihusu pia namna ya kusema kwa mafumbo, mara nyingi kwa kutumia ngano na visasili. Mapanje alichapisha Of Chameleons and Gods mwaka 1981, na alifungwa bila mashtaka tangu Septemba 1987 hadi Mei 1991.

Mfano huu unajibu shaka inayotolewa mara kwa mara, kwamba kikundi humfanya kila mtu aandike kama mwenziwe. Sauti za Mapanje, Mnthali na Chimombo hazifanani. Uhakiki wa marika, ukiwa wa kweli, humlazimisha kila mmoja kutambua alipo yeye mwenyewe. Kwa upande mwingine, baraza la Zomba lilikuwa la wasomi, na kwa kiasi kikubwa la Kiingereza. Mvuvi wa Karonga hakuwa na kiti humo.

5.3 FEMRITE

Chama cha waandishi wanawake wa Uganda, FEMRITE, kiliasisiwa na Mary Karooro Okurut na wenzake mjini Kampala katikati ya miaka ya 1990. Pamoja na uchapishaji, chama hicho kimekuwa na kikao cha kila wiki cha wasomaji na waandishi, ambacho hujadili rasimu za wageni na wenyeji. Mwaka 2007 mwanachama wake, Monica Arac de Nyeko, alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi yake "Jambula Tree".

Hapa mna funzo la uvumilivu wa ratiba. Siku ya kikao inapojulikana na kutobadilika, mtu anaweza kutoweka miezi mitatu, akarudi na kuwakuta wenzake mahali palepale. Aidha, FEMRITE inaziba pengo lililobainishwa katika ukwangala: baraza lililoanzishwa na wanawake lilionyesha kuwa walichokosa ni nafasi ya kusikilizwa, wala si jambo la kusema.

6.0 Uhakiki wa Rasimu: Mfano

Ili hoja isibaki katika nadharia, unatolewa hapa mfano uliotungwa kwa ajili ya mjadala huu. Vyungu vya Wakisi hufinyangwa na wanawake na kupelekwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema. Ichukuliwe kwamba mwanakikundi ameleta aya ifuatayo:

"Soko la vyungu ni muhimu sana kwa maendeleo ya wananchi. Wanawake hufanya kazi kwa bidii na hivyo kujipatia kipato cha kuendeshea maisha."

Aya hii haina kosa la sarufi, na mwalimu angaliipa alama nzuri. Lakini imeandikwa kwa lugha ya ripoti. Hapana mtu ndani yake, wala hapana jambo ambalo mwandishi amelijua kuliko msomaji. Wenzake wanaweza kuuliza maswali matatu. Nani anaonekana? Anafanya nini kwa mikono yake? Ni jambo gani asilotaka lijulikane? Baada ya maswali hayo, aya yaweza kurudi hivi:

"Mtumbwi ulipogusa mchanga, mama hakuhesabu vyungu. Aligonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Chenye mlio mfu alikiweka nyuma ya miguu yake."

Maneno yamepungua, lakini maarifa yameongezeka. Msomaji amejifunza kwamba ufa husikika kabla ya kuonekana, na anabaki na swali: chungu kile kimewekwa kando kisiuzwe, au kimefichwa ili kiuzwe jioni, macho ya mnunuzi yakiwa yamechoka? Kikundi kitagawanyika juu ya jibu. Mgawanyiko huo una faida, kwani utamlazimisha mwandishi aamue mama huyu ni mtu wa namna gani. Ikumbukwe pia kwamba maswali yale hayakuhitaji shahada. Mfinyanzi asiyeandika hata mstari mmoja angaliweza kusema kwamba mlio wa chungu kizima ni tofauti na huo ulioelezwa, na neno lake lingepita la mhakiki yeyote.

7.0 Suala la Lugha

Kikundi cha Kyela hakiwezi kukwepa swali la lugha. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, magazeti na maktaba, na ndiyo inayomfungulia mwandishi hadhira ya nchi nzima na ng'ambo ya mipaka. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imeongeza mvuto huo. Kinyakyusa, kwa upande wake, ndiyo lugha ya msiba, ya mizaha na ya ngano. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kama hazina ya kukuzia Kiswahili. Kauli hiyo ni njema, ila inazitazama kama ghala la kuchotea maneno, si kama lugha za kuandikia.

Yapo pia matatizo ya kiufundi. Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu hutofautisha maana. Anayekiandika kwa irabu tano za Kiswahili hulazimika kutumia umbo moja kwa maneno ambayo sikio la mzawa huyatenganisha. Msomaji husitasita, hurudia mstari, na mara nyingi huhitimisha kwamba lugha yake "haiandikiki". Ukweli ni kwamba tahajia aliyopewa ndiyo haitoshi.

Makala haya yanapendekeza kanuni ya kiasi. Kila mwanakikundi aandike rasimu ya kwanza kwa lugha ambayo jambo lenyewe lilimjia. Mazungumzo ya wahusika yakija kwa Kinyakyusa au Kikisi, yaandikwe hivyo kwanza, kisha kikundi kijadili kipi kihamishiwe Kiswahili na kwa namna gani. Zoezi hilo litawafundisha wanakikundi fasiri, na litakitajirisha Kiswahili kwa misemo iliyopimwa sikioni. Hekima ya neno moja kama ukwangala isingeweza kupatikana kwa kutafuta kisawe cha haraka.

8.0 Wajibu wa Maktaba

Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa Desemba 1967. Tangu hapo maktaba ya umma imeeleweka zaidi kama nyumba ya kupokelea vitabu kutoka nje ya jamii na kuviazimisha. Kikundi cha uandishi kinaidai wajibu wa nyongeza. Kwanza, meza na saa isiyobadilika, hata wakijitokeza watu watatu tu. Ratiba nayo haina budi kuheshimu msimu wa mpunga, kwa kuwa kikao kinachopangwa wakati wa mavuno humtenga mkulima kwa makusudi hata kama haikukusudiwa. Pili, mkutubi awe mlinzi wa kikao wala asiwe mwalimu wake. Kazi yake ni kutafuta kitabu kinachohusiana na rasimu inayojadiliwa na kuhakikisha kila mtu amepata zamu.

Tatu, na hili ni kubwa zaidi, maktaba ikubali kuhifadhi. Kila baada ya muda, kazi zilizokamilika zipigwe chapa, zishonwe, zipewe namba na kuwekwa katika rafu ya wazi pamoja na vitabu vingine. Katika tambarare yenye unyevu na mchwa, nakala moja si hifadhi. Nakala nyingine ziwekwe Mbeya na katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu, ambako wanafunzi wa uzamili wangeweza kuzichunguza kama fasihi. Historia ya Kamĩrĩĩthũ imekwisha kuonyesha gharama ya kuweka kazi yote mahali pamoja. Mwandishi naye aulizwe kabla, kwani si kila kilichosomwa mezani kimekusudiwa rafu.

9.0 Hitimisho

Imeelezwa kuwa kikundi cha uandishi katika maktaba ya umma si mti wa kigeni katika mwambao wa Nyasa. Wanyakyusa walikwisha tambua kuwa hekima hukomaa katika mazungumzo ya walio sawa, na watunzi wa Kiswahili walikwisha onyesha kuwa kalamu hudumu pale inapojibiwa. Kilichokosekana ni mahali ambapo mambo hayo mawili yangekutana bila kumwacha nje mwanamke, kijana au asiye na shule ndefu. Kampeni za kisomo ziliwapa wananchi herufi. Watafiti waliwapa vitabu juu yao. Hakuna kati ya hayo mawili kinachochukua nafasi ya mtu kusoma rasimu yake mbele ya wenzake na kuambiwa ukweli.

Wajibu wa idara za Kiswahili katika jambo hili si kupeleka walimu wa utunzi vijijini. Ni kuyapokea maandishi yatakayotoka huko kwa uhakiki uleule unaotolewa kwa waandishi wenye majina, yaani bila kuyadharau na bila kuyabembeleza. Siku mjukuu wa mmoja wa wasemaji wa Good Company atakapokuwa na kitabu chake katika rafu hiyohiyo, mtafiti ajaye atalazimika kuanza kazi yake kwa kukisoma.